Mwaka Nilioitwa Marehemu

Bi Tatu alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake Kisarawe, mchana, akiwa ametoka kula. Habari zilinikuta Tangini, Kibaha, nikiwa nimesimama juu ya meza mnadani, kitanda cha mninga miguuni pangu na watu wamenizunguka kama kawaida yao, maana mimi ninaponadi hata asiye na haja ya kitanda huja kusikiliza. Nikashuka. Nikaacha mnada katikati, jambo ambalo sijapata kulifanya hata siku niliyong'olewa jino, nikapanda gari langu mwenyewe, sikuazima kwa mtu, na kabla ya alasiri nilikuwa nimeketi jamvini kwao pamoja na wanaume wengine. Mtoto wake mkubwa, mwalimu, kijana mstaarabu sana, akanijia akainama. "Shikamoo mzee. Samahani, sisi hatukufahamu vizuri. Wewe ni nani wake marehemu?" Nikamwambia, "Mwanawe." Akamtazama mdogo wake, mdogo wake akamtazama mjomba wao, na mjomba akaanza kutazama paa la nyumba kama mtu anayepiga hesabu za miaka. "Mwanawe wa wapi, mzee?" Nikaona nikichelewa kidogo nitavunja heshima ya mama wa watu. "Mwanawe wa sinema," nikasema, na wote watatu wakashusha pumzi.

Walitaka niwaeleze, lakini pale hapakuwa mahali pake, na ndiyo maana nimeketi kuandika. Kalamu si kazi yangu. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza kwa kulazimishwa. Hata hivyo nimeajiri vijana waliosoma hadi wakachoka, na barua wanazoandika nazisahihisha mimi. Kwa hiyo nisikilizeni. Sitawaeleza nilizaliwa na nani wala babu yangu alitoka wapi. Mambo hayo hayakunifanya niwe nilivyo. Kilichonifanya hivi ni mwaka mmoja tu, siku za Mwingereza, nikiwa na miaka kumi au kumi na mmoja, nikiishi na bibi yangu Kibuta. Katika mwaka huo nilikufa, nikaliliwa, nikafufuka. Niambieni ni nani mwingine wilaya nzima anayeweza kusema hivyo.

Ilikuwa baada ya masika, barabara zimeanza kukauka, gari la sinema la serikali likaja Kibuta. Safari hiyo halikuja kuonyesha, lilikuja kuchukua picha. Ndani yake alikuwemo Mzungu mmoja mrefu, mwenye mashine ya miguu mitatu, na Bwana Sefu, kijana wa Dar es Salaam aliyevaa suruali pana yenye mikunjo mpaka mifukoni. Huyo ndiye aliyekuwa mkalimani, mtafuta watu, mpishi wa maneno, kila kitu. Walitaka kutengeneza sinema ya vyoo. Kungekuwa na baba mmoja amechimba choo na familia yake nzima inameremeta, na baba wa pili amekataa kuchimba kwa uvivu, mwanawe akaharisha mpaka akafa. Waliwapanga watoto wa Kibuta wote mstari mmoja kwenye uwanja wa shule, wakatuambia tulie bila kupigwa. Wenzangu wakacheka, wengine wakajificha nyuma ya wengine. Mimi nililia. Nililia mpaka Mzungu akaacha mashine yake akaja kunifuta kamasi kwa kitambaa chake, na nilipoona amenikaribia hivyo nikaacha ghafla, nikamchekea. Bwana Sefu akajipiga kofi pajani. "Huyu!" Hapo hapo, bila shule wala mwalimu wala kubebwa na ndugu, nikawa mwigizaji.

Kazi ikawa kwa Bibi. Bwana Sefu alikuja jioni ile, akakaa kwenye kigoda, Bibi akimenya mihogo bila kumtazama sana. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu. Hiyo suruali ni ya watu wangapi?" Bwana Sefu akacheka kwa adabu, akaeleza habari ya choo, habari ya mtoto kuugua. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisu kikiendelea. "Kuugua augue," akasema, "mtoto anajua sana kuugua, kila siku ya shule anaumwa. Na nyumba yangu pigeni picha, mkitaka na mbuzi pia. Lakini asilazwe maiti. Asivishwe sanda hata ya mchezo. Mtu hajilazi pale kabla ya kuitwa. Umenisikia?" "Nimekusikia Bibi. Ataumwa tumbo tu." Na mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na nimekwisha ambiwa njiani kwamba nitakufa siku ya nne, nikaitikia kwa kichwa pamoja naye. "Tumbo tu, Bibi." Sijui ni yupi kati yetu aliyedanganya vizuri zaidi. Nafikiri ni mimi.

Mama wa sinema alipatikana kwa shida. Waume walikataa wake zao wasiwekwe kwenye mashine, mpaka dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Kisarawe, kwa kuwa sinema ilikuwa ya idara yake, akakubali kumtoa mkewe. Ndiye Bi Tatu. Alikuwa bado msichana, mwembamba, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kucheka. Ukimwambia habari ya kuku amevuka barabara, anacheka. Kwenye nyumba ya Bibi tulichukua picha za mimi kucheza vichakani penye uchafu, kula embe bila kunawa, kushika tumbo, na yule mbuzi wa Bibi mwenye pembe moja akapita nyuma yetu mara mbili bila kuagizwa na mtu. Kila Bi Tatu alipotakiwa kunitazama kwa huzuni alinitazama, mdomo ukaanza kutetemeka, kisha basi tena, kicheko. Mzungu anasema kwa lugha yake, Bwana Sefu anatafsiri: "Bwana anauliza, huyu mama amefurahi mtoto kuugua?" Naye anajibu, "Mwambie anisamehe, huyu mtoto akishika tumbo anafanana na Imamu wetu." Nilimpenda tangu siku ile. Alikuja na vitumbua vyake ndani ya kikapu, akanipa vya pembeni vilivyoungua kidogo kwa sababu nilimwambia hivyo ndivyo nivipendavyo, na sikupata kumwambia mtu mwingine jambo hilo.

Siku ya kufa tulihamia nyumbani kwa dresa, Kisarawe, mbali na macho ya Bibi. Chumba kile nakiona mpaka leo: kitanda cha kamba katikati, dirisha limeng'olewa ubao ili mwanga uingie, taa ya chemli juu ya sanduku la bati, ukutani khanga mbili zimetundikwa kuficha matope yaliyobanduka. Wakanilaza, wakanifunika bafta nyeupe ya sanda mpaka kifuani, kisha usoni, kisha wakafunua tena uso kwa sababu Mzungu alitaka nionekane. Sikuwa nimekula asubuhi kwa kuwahi gari. Na kule uani, kwa ajili ya wale wanaume waliokodiwa kubeba jeneza, walikuwa wanapika pilau. Pilau ya nyama! Harufu inaingia dirishani moja kwa moja mpaka puani kwa maiti. Bi Tatu akainama juu yangu alie. Hakuna chozi. Wakamletea vitunguu, akavikata, macho makavu. Mzungu akashika kiuno. Jua lilikuwa linahama, na Bwana Sefu akasema kwa sauti ya kuomba, "Mama, hii ndiyo mara ya mwisho, filamu imebaki kidogo, tukikosa hapa sinema yote imekufa." Mashine ikaanza kukereza. Bi Tatu akainama tena, uso wake karibu kabisa na wangu, na mimi, midomo imefungwa kama maiti anavyopaswa, nikamnong'oneza kwa pembeni: "Mama, mkimaliza kunizika, waambie waniwekee ukoko."

Akaanguka juu yangu. Akavuta khanga akafunika uso mzima, mabega yakaanza kuruka, mgongo ukapanda na kushuka, mikono ikanishika shingoni, akajaribu kuinuka akashindwa akaanguka tena, mguu mmoja ukapiga sakafu. Alikuwa anacheka kama mtu anayekata roho. Lakini mashine ile haikunasa sauti. Maneno ya sinema yalisemwa baadaye na Bwana Sefu kwenye kipaza sauti, kila mahali walipoonyesha. Mzungu yeye aliona mama aliyevunjika moyo. Akavua kofia. Aliposimamisha mashine macho yake yalikuwa mekundu, akamshika Bi Tatu mkono, akasema jambo refu, na Bwana Sefu akatafsiri, "Bwana anasema hajaona kilio cha kweli kama hiki tangu aanze kazi." Bi Tatu, bado ndani ya khanga, akajibu "Ahsante" kwa sauti nyembamba, na mimi ilibidi nijiume ulimi. Ukoko nililetewa. Tukala wawili, sahani moja, tukaapishana tusimwambie mtu, yeye kwa ajili ya Mzungu, mimi kwa ajili ya Bibi.

Miezi ikapita. Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Siku moja asubuhi nilikuwa njiani naziokota nikasikia kilio kinatoka upande wa Vihingo, kilio kikubwa cha watu wengi. Nikatupa korosho nikakimbilia huko, maana mimi penye watu sikosi. Nikakuta kundi, wanawake mbele wamejifunika khanga vichwani, wanaume nyuma wamebeba mchele, mihogo, kuku wamefungwa miguu. Nikamwamkia mzee mmoja wa nyuma aliyekuwa anahema. "Shikamoo babu. Kuna msiba?" "Marahaba mjukuu wangu. Msiba mkubwa. Hebu nipokee huyu kuku." Nikampokea kuku. "Nani kafariki?" "Kijana mdogo wa hapa Kibuta, mtoto wa ndugu yake yule mama aliye mbele. Kafa kwa kuharisha, masikini. Baba yake mvivu, hakuchimba choo." Nami nikasikitika kweli kweli. Nikasema, "Masikini." Nikatembea nao, nikaanza hata kulia kidogo, kwa kuwa kuwasindikiza watu kwa macho makavu naona si adabu.

Tuliingia uani kwa Bibi. Hapo ndipo yule mama wa mbele alipofunua khanga na nikaona ni Shangazi, dada wa baba yangu, aliyeolewa Vihingo. Alijitupa chini. "Mmemzika! Mmemzika mtoto wa kaka yangu bila kunitumia hata mtu! Mpaka niambiwe na gari!" Bibi alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, mikono myeupe. "Nani kazikwa?" "Ramadhani!" Bibi akainua kidole chenye nazi, pole pole. "Ramadhani si huyo hapo kashika kuku?" Watu wote wakageuka. Yule babu niliyempokea mzigo akarudi nyuma mpaka akakaa juu ya kinu. Kuku nikamwachia, akaanguka na miguu yake iliyofungwa. Shangazi akanijia akanishika mashavu, akayavuta, kisha akavua katambuga akanichapa nayo mgongoni mara tatu, na nilipopiga kelele akasema, "Ni mzima," akaketi chini akalia upya.

Mambo yakatoka yote. Sinema ilikuwa imeonyeshwa Vihingo jioni iliyopita kabla ya kufika kwetu. Bwana mmoja alijaribu kumtetea mtu wa serikali. "Mama, ile ni sinema tu, ya kuigiza." Shangazi akamkata. "Kuigiza! Kwanza walituonyesha Bwana Shauri, Mzungu wa boma, anafungua soko la Kisarawe. Je, hakulifungua? Alilifungua, nimenunua chumvi humo! Kisha wakatuonyesha mpira, na mwana wa jirani yangu alikuwemo, na kweli alivunjika mguu. Halafu naona nyumba ya mama, namwona Ramadhani, naona mbuzi wa pembe moja anapita. Mbuzi yule namjua! Nani atamfundisha mbuzi kuigiza?" Nami nimekaa kwenye biashara ya maneno miaka yote hii, jibu la hoja hiyo bado sina.

Lakini Bibi hakucheka. "Walimvisha sanda?" akauliza. Shangazi akasema, "Mpaka usoni." Bibi akanawa mikono kwa maji ya kata, akaingia ndani, akafunga mlango. Angenipiga ningejua la kufanya. Kupigwa nilikuwa nakujua. Mlango uliofungwa sikuujua. Shangazi naye akatangaza kwamba nyumba isiyojua mtoto wake yuko wapi haiwezi kumlea, kwamba yeye ndiye aliyenililia na kwa hiyo mimi ni wake, na kesho nitakwenda naye Vihingo, nikae huko nilime. Nikaona maisha yangu yamekwisha kwa mara ya pili. Sinema ningeisikia kwa mbali, Bi Tatu nisimwone tena, na Bibi nimwache amenikasirikia. Wakati huo huo akaja Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyehamia Kibuta zamani, mtani wetu, jembe begani. Alisikia kilio akaja kufanya kazi ya mtani msibani, yaani kuwasumbua wafiwa mpaka wacheke. Alipoambiwa maiti ni huyu hapa, hakusita hata kidogo. Akanikunja ndani ya mkeka, akaukalia. "Maiti huyu ni wangu! Wazaramo nyie hata kufa hamwezi, mtoto wenu kafa nusu! Hatoki hapa mpaka nile kuku." Watu wakacheka, kuku akachinjwa, mchele ukapikwa, maana chakula cha msiba kikishafika hakirudishwi. Mimi nikakaa ndani ya mkeka nikisikiliza kama mlango wa Bibi utafunguka. Haukufunguka. Chakula chake Shangazi alimpitishia dirishani.

Kesho yake asubuhi gari la sinema likaja, maana habari zilikuwa zimekwisha fika bomani kwamba Kibuta kunaliwa matanga ya sinema. Akashuka Bwana Sefu, suruali imeingia vumbi, na nyuma yake Bi Tatu. Bwana Sefu akaanza kusema mambo ya afya ya jamii; Mzee Maganga akamwambia anyamaze, hakuna anayeharisha hapa. Bi Tatu alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Bibi akapiga magoti kizingitini. "Shikamoo Bibi. Mimi ndiye niliyelia kwenye sinema. Nimekuja kusema kweli. Sikulia." Akausogelea mlango zaidi. "Mjukuu wako hakulala maiti, Bibi. Maiti hanong'oni. Aliniomba ukoko." Akaeleza yote, vitunguu, harufu ya pilau, kofia ya Mzungu. Shangazi akasema, "Mwongo, nimeona kwa macho yangu mama analia mpaka anapiga mguu." Basi Bi Tatu akavuta khanga akajifunika, akainama, na mabega yakaanza. Mwanzo ilikuwa mfano, lakini nilimjua, isingeweza kubaki mfano. Kicheko kikamshika kweli, akaanguka juu ya kizingiti, mguu ukapiga ardhi, na safari hii sauti ilikuwepo. Mzee Maganga akafuata, kisha yule babu wa Vihingo, kisha wanawake wote. Na ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, tukasikia kikohozi, halafu kitu kama mtu anayesongwa na mhogo, halafu Bibi yangu anacheka. Sijawahi kufurahishwa na sauti kama ile. Makofi ya umati mnadani nayajua, lakini hayafiki pale.

Akafungua mlango akifuta macho. "Ukoko," akasema. "Unakufa unawaza ukoko." Kisha akamgeukia Bwana Sefu, kicheko kimekwisha. "Wewe ulinidanganya kwenye kigoda changu. Sasa sikiliza. Mtoto huyu umemuua mbele ya watu, utamfufua mbele ya watu. Kila mji mtakapoonyesha amekufa, awepo kwa miguu yake, asimame, aseme ni mzima. Na mama yake wa sinema aende naye amchunge. Mkianza na Vihingo." Shangazi akasema hilo ni sawa, yeye atakaa mbele. Akanirudisha kwa Bibi, lakini kwa masharti kwamba likizo ni zake.

Hivyo adhabu yangu ikawa ndiyo kazi yangu ya kwanza. Vihingo, sinema ilipokwisha, watu wanasonya na kufuta macho, Bwana Sefu akanisimamisha mbele ya shuka jeupe chini ya taa. Nikaona vichwa vyote vile. Nikasema, "Sijafa." Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Sema kwa nguvu, maiti!" Nikatazama pembeni nikamwona Bi Tatu amekwisha jifunika khanga, mabega yameanza. Basi. Nikavuta pumzi nikanguruma: "SIJAFA! Na mtu yeyote aliyenililia hapa, machozi yake nitamrudishia kesho!" Wakaangua kicheko ambacho nadhani kilifika Kisarawe. Tulizunguka wilaya yote mpaka Kibaha, ambako siku hizo kulikuwa pori na mashamba, na nikajiambia hapa mtu mwenye sauti anaweza kukaa. Kila kituo niliongeza neno. Kufika mwisho wa mwaka watu walikuwa wanapitisha macho kwenye habari ya choo wakinisubiri mimi. Nilimwona Bwana Sefu akinisikiliza kwa wivu kidogo. Ndiyo, kwa wivu, na kama yuko hai asome. Sinema nyingine waliahidi, haikuja. Sikuihitaji. Nilikwisha jua kwamba watu wakinitazama mimi sipungui, naongezeka, na ninachonadi leo, vitanda, mabati, ng'ombe wembamba, nakinadi kwa pumzi ile ile niliyoivuta Vihingo. Kibuta mpaka leo hawaniiti Ramadhani. Wananiita Marehemu, na mimi naitika.

Basi siku ile ya msiba wa Bi Tatu tulirudi kutoka makaburini, tukanawa, tukaketi jamvini. Kikaletwa chakula, pilau ya nyama kwenye sinia, na yule mwanawe mwalimu, kwa kuniheshimu, akanisogezea upande wenye nyama. Lakini mpakuaji alikuwa amekwangua sufuria mpaka chini, na pale pembeni ya sinia, mbele yangu mimi na si mbele ya mtu mwingine, palikuwa na kipande cha ukoko, cha rangi ya kahawia, kimepinda kama kigae. Nilikitazama. Nikavuta kitambaa cha begani nikafunika uso. Mabega yakaanza yenyewe, mgongo ukapanda na kushuka, nikaweka mkono jamvini nisianguke. Machozi yalikuwepo pia, mengi, siwadanganyi. Mwalimu akanishika bega. "Pole mzee. Pole sana. Alikupenda." Mmoja wa wanaume akasema chini chini kwamba hajaona mtu mzima akilia hivi.

Kutoka barazani kwa wanawake, Shangazi, ambaye sasa anaongozwa mkono na macho yake yamebaki nusu, akainua fimbo akaielekeza kwangu. "Huyo mwacheni," akasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. "Halii huyo. Mimi alinidanganya mara moja tu."